Kuiga kipuri kimoja si kuunda vipuri mia

Mji wa Eldoret ulipotawazwa kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, watu walishangilia, na walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Hata hivyo, baada ya nderemo na vifijo kutulia, limebaki swali ambalo sisi wakazi wa West Indies, Langas, Huruma na Kapsoya hatuna budi kuulizana. Je, jiji hili litaishi kwa kuunda nini?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Uasin Gishu, ambayo ni miongoni mwa maghala ya mahindi na ngano ya nchi yetu. Nafaka hiyo hulimwa, huvunwa, hupukuchuliwa na kusagwa kwa mitambo ambayo kwa sehemu kubwa iliundwa ng'ambo, na baadhi yake ina umri mkubwa kuliko vijana wanaoiendesha. Siku mhimili wa kinu cha kusagia unapokatika, au gurudumu la meno la trekta linapovunjika katikati ya mavuno, mwenye mtambo ana njia tatu. Anaweza kusubiri kipuri asilia kutoka ng'ambo, ikiwa bado kinaundwa. Anaweza kununua dukani kipuri cha bei nafuu asichojua kitadumu siku ngapi. Au anaweza kukibeba kipande kilichovunjika hadi kwa fundi wa jua kali na kumwambia, "Nitengenezee kama hiki."

Na fundi hutengeneza. Katika hilo sina ubishi hata kidogo. Ustadi wa mafundi wetu wa kukitazama kifaa kilichoundwa na mwingine, kukifumua na kukifuma upya, hauhitaji ushahidi. Lakini mwambie fundi huyo huyo akuundie vipuri mia vya aina hiyo, kila kimoja kiweze kuingia katika mtambo wowote wa aina ile bila kupigwa tupa wala nyundo, nacho cha mia kidumu sawa na cha kwanza. Hapo ndipo mambo huenda mrama. Maoni yangu ni kwamba kinachotukwamisha si uhaba wa akili wala wa mikono. Kinachotukwamisha ni ukosefu wa lugha sanifu ya kuelezea kile ambacho mikono hiyo inakijua.

Tutupie jicho historia kidogo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka wa 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ndiyo iliyoufanya ulimwengu wa wasomi uitazame kwa heshima kazi ya mafundi wadogo wadogo. Mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi alizuru mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, na baadaye wakajengewa mabanda ya kuwakinga na jua lililowapa jina. Mwaka wa 1992 Serikali ilitoa waraka wa bunge kuhusu biashara ndogo na sekta ya jua kali, na mwaka wa 2012 ikapitishwa sheria ya biashara hizo. Mabanda, waraka na sheria ni mambo mema. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomwambia fundi mhimili wake uwe mnene kiasi gani.

Kadhalika, tulijaribu kuunda gari. Mwaka wa 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilitakiwa na Rais kiunde gari la Kenya, na mwaka wa 1990 gari la Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani. Lilikimbia, na waliolibeza kabla ya kuliona walinyamaza. Lakini gari hilo halikupata kuundwa kwa wingi, kwani fedha za kujengea kiwanda hazikupatikana. Mradi huo ulituachia kampuni ya Numerical Machining Complex, ambayo iliachiwa kazi ya kuunda vipuri na vifaa vya mitambo. Ninaloliona katika kisa hicho ni kwamba kuunda magari machache ya maonyesho ni kazi moja, na kuunda elfu moja yanayofanana ni kazi nyingine kabisa, yenye gharama yake na elimu yake. Tumezoea kuisifu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Basi ugumu wenyewe uko wapi? Niruhusu, msomaji, niueleze kwa njia ya taaluma yangu ya isimu, maana naona mafundi na wanaisimu wanapambana na adui mmoja.

Chukua mtafiti aliyetumwa kwenda kuandika sarufi ya lugha ambayo haijawahi kuandikwa, naye akampata msemaji mmoja tu, mzee aliyepotewa na meno ya mbele. Kila sauti ya "s" itatoka kinywani mwa mzee huyo kwa mluzi. Mtafiti asiye na tahadhari ataandika kwamba lugha hiyo ina sauti ya mluzi. Atakuwa ameliandika pengo la mzee badala ya lugha ya jamii. Ndivyo ilivyo kwa fundi anayeletewa mhimili mmoja uliokwisha kulika. Akiupima na kupata milimita 24.8, kisha akaunda mpya wa milimita 24.8, ameunda upya uchakavu. Huenda mhimili ulipotoka kiwandani ulikuwa wa milimita 25. Kipande kimoja humwonyesha fundi jinsi kilivyo leo. Hakimwelezi kilikusudiwa kuwa vipi.

Dawa ya hilo ni ile ile tunayoitumia katika isimu. Usitegemee msemaji mmoja. Kusanya vipande vitano au kumi vya aina moja, kutoka mitambo mbalimbali, uvilinganishe. Tena upime si kipande tu bali na majirani zake. Mhimili wa kinu huzunguka ndani ya beringi, na beringi ina namba iliyochongwa ubavuni. Ikiwa namba hiyo ni 6205, basi popote duniani tundu lake ni la milimita 25, upana wake wa nje ni milimita 52, na unene wake ni milimita 15. Fundi aliyeisoma namba hiyo hana haja ya kukisia. Beringi imekwisha kumwambia mhimili ulikusudiwa kuwa na kipimo gani.

Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Hakuna mashine duniani iwezayo kukereza mihimili mia yote iwe milimita 25 kamili. Kila mmoja utazidi au kupungua kidogo. Suala ni kidogo kiasi gani, na hapa pana jambo ambalo walimu wa lugha wanalijua vyema. Mtu wa Mombasa na mtu wa Eldoret hawatamki irabu "a" kwa namna moja, lakini neno "baba" hubaki "baba". Lugha inaivumilia tofauti hiyo. Badilisha "r" iwe "l", na mtu aliyekwenda kupiga kura anaonekana amekwenda kula. Lugha hailivumilii hilo. Kuijua lugha ni kujua mahali penye nafasi na mahali pasipo na nafasi.

Kipuri nacho kina sarufi yake. Ubavu wa mdomo wa kinu unaomwagiwa mahindi ukizidi milimita tatu, unga hautajua. Lakini pale mhimili wa milimita 25 unapoivaa beringi, mpangilio mmoja wa kimataifa unaotumiwa sana hutaka mhimili uzidi hizo 25 kwa sehemu zisizopungua mbili na zisizozidi 15 za elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya hapo mara kadhaa. Mhimili ukiwa mwembamba mno, utateleza ndani ya beringi na kujila. Ukiwa mnene mno, beringi itabanwa, itapata joto na kufa mapema. Fundi aliye na mhimili mmoja na beringi moja mbele yake hulitatua hilo kwa tupa na msasa, akijaribu na kujaribu tena hadi vikubaliane. Huo ni ustadi mkubwa, ila ni ustadi usiosafiri. Mhimili huo umezoeana na beringi hiyo pekee, kama mume na mke. Ukiuhamishia kinu kingine, haukubaliki.

Sikiliza jinsi mafundi wanavyoagizana. Mmoja husema, "Ikaze kidogo." Mwingine hujibu, "Hapa iachie kidogo." Baina ya watu wawili waliofanya kazi pamoja kwa miaka kumi, neno "kidogo" ni kipimo timamu, kwa kuwa masikio na vidole vyao vimekwisha kukubaliana. Lakini "kidogo" ya fundi wa Langas si "kidogo" ya fundi wa Kisumu, wala si "kidogo" ya mwanafunzi aliyeingia karakana juzi. Siku fundi mkuu anapofariki, "kidogo" yake huzikwa naye.

Ugumu wa tatu ni chuma chenyewe. Kipuri huiga umbo kwa macho, lakini macho hayaoni ndani. Mhimili wa asili huenda ulichomwa na kuzamishwa katika oili ili uwe mgumu nje na mstahimilivu ndani. Fundi wetu aghalabu hutumia chuma chakavu, leo springi ya lori, kesho ekseli ya basi, keshokutwa nondo ya ujenzi. Vipande kumi vyenye umbo moja vinaweza kuwa na tabia kumi. Kimoja kitadumu miaka mitano na kingine kitavunjika wiki ya pili, naye mteja hataweza kuvitofautisha dukani. Biashara haisimami juu ya bahati nasibu ya namna hiyo. Mteja aliyeumwa na kipande kimoja huvilaani vyote, na fundi hodari huadhibiwa kwa kosa la chuma asichokijua asili yake.

Ugumu wa nne uko katika kusubu na katika vipimo mseto tulivyorithi. Chuma cha kusubu kikimiminwa katika kalibu hunywea kinapopoa, kwa kadiri ya sehemu moja katika mia. Fundi anayekitumia kipuri cha zamani kama kielezo cha kutengenezea kalibu ataunda gurudumu la milimita 297 badala ya 300. Akikitumia hicho kipya kuwa kielezo cha kingine, kitapungua tena. Na kwa upande wa parafujo, nchi hii ina trekta na mashine za Kiingereza, za Kimarekani na za Kijapani. Bolti ya nusu inchi ya mtindo wa zamani wa Kiingereza, ule wa Whitworth, ina meno 12 kwa kila inchi. Ile ya kawaida ya Kimarekani yenye unene huo huo ina meno 13, na hata pembe ya meno hayo ni tofauti. Kwa macho ni pacha, ila ukilazimisha moja katika nati ya nyingine, utaharibu zote mbili.

Wahenga walinena kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Je, maana yake ni kwamba tusiige? La hasha! Mataifa makubwa yaliiga, na historia yao inatufundisha namna ya kuiga. Mwaka wa 1944 ndege za kivita za Marekani aina ya B-29 zilitua kwa dharura katika ardhi ya Urusi ya Kisovieti. Stalin akaamuru ziigwe. Moja ilifumuliwa kipande kwa kipande. Tatizo lililowatoa wahandisi jasho ni kwamba Wamarekani walipima kwa inchi, na viwanda vya Kisovieti vilitoa mabati ya milimita. Bati la sehemu moja ya 16 ya inchi ni milimita 1.5875, na hakukuwa na kiwanda cha kulitoa. Ikabidi kwa kila sehemu ya ndege wajiulize: hapa bati linabeba mzigo gani, na unene gani wa kwetu utafaa? Ndege yao, Tu-4, iliruka mwaka wa 1947. Hata waliotaka kunakili neno kwa neno walilazimika kutafsiri, na hakuna atafsiriye vyema pasipo kuelewa maana.

Mfano wa pili ni wa mwaka wa 1908, huko Brooklands nchini Uingereza. Magari matatu ya Cadillac yalifumuliwa mbele ya mashahidi, vipande vyake vikachanganywa, kisha magari matatu yakaundwa upya kutokana na lundo hilo bila kupigwa tupa. Yakaendeshwa maili 500 bila tatizo. Waingereza, ambao mafundi wao walisifika kwa kukiunda kila kipande kwa mkono, walistaajabu. Siri ya kiwanda hicho ilikuwa vipimio. Kwa kila kipande palikuwa na kiasi kilichoruhusiwa, na kifaa cha kukipimia ambacho hata mwanagenzi angeweza kukitumia. Upande mmoja wa kifaa lazima upite, na upande wa pili lazima ukwame. Kipande kisichotii hutupwa. Kipimio cha namna hiyo ni "kidogo" ya fundi mkuu iliyogeuzwa kuwa chuma, ikawa mali ya wote.

Kuna wanaouliza iwapo kuiga vipuri si wizi. Swali hilo ni la haki. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya mwaka wa 2001 humpa mvumbuzi hataza kwa miaka 20, na baada ya hapo uvumbuzi huwa wa umma. Vipuri vingi vya mitambo ya miaka ya 1970 na 1980 vimekwisha kuvuka mpaka huo. Kilichokatazwa daima ni kukiweka kipuri chako katika pakiti yenye jina la kampuni nyingine, jambo ambalo sheria dhidi ya bidhaa bandia ya mwaka wa 2008 inaliadhibu. Fundi akitia jina lake mwenyewe juu ya kazi yake, hana cha kuficha. Na mtu hutia jina lake kwa moyo mkunjufu pale tu anapojua kipande cha mia ni sawa na cha kwanza.

Wapo pia watakaosema kuwa usanifishaji utaua ubunifu wa jua kali. Hoja hii naijua vizuri, maana lugha yetu imeipitia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka wa 1930, lahaja ya Kiunguja ilikuwa imekwisha kuteuliwa iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na wenyeji wa Kimvita walilalamika, wala malalamiko yao hayakuwa ya bure. Kusanifisha kuna hasara yake. Lakini bila usanifu huo, mwalimu wa Eldoret na mwanafunzi wa Kigoma wasingesoma kitabu kimoja. Tena usanifu haukuwazuia washairi wa Mombasa na Lamu kutunga. Vivyo hivyo, kukubaliana juu ya unene wa mhimili hakumzuii fundi kubuni kinu bora. Kunampunguzia kazi ya kubuni upya yale yaliyokwisha kubuniwa.

Hapa Eldoret tuna sababu ya ziada ya kulizingatia jambo hili. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa miaka ya 1970, kilianguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, na kikazinduliwa upya mwaka wa 2019 kikiwa na mitambo mipya iliyopatikana kwa mkopo kutoka India. Mitambo hiyo itazeeka, kama ilivyozeeka iliyoitangulia. Swali ni kama siku hiyo itatukuta na michoro, vipimo na mafundi wa kuunda vipuri vyake, au itatukuta tukipanga foleni ya mkopo mwingine.

Tufanye nini basi? Kwanza, kaunti na vyuo vya ufundi vichague vipuri 20 vinavyohitajika zaidi katika kilimo cha eneo hili, vikusanye vipande kadhaa vya kila aina, vivipime na kuvichora, vikionyesha palipo na nafasi na pasipo na nafasi, na aina ya chuma kinachofaa. Michoro hiyo iwe ya umma. Hii ni kazi ambayo wanafunzi wa vyuo vya ufundi na vyuo vikuu wanaweza kuifanya kama sehemu ya masomo yao. Pili, vipimio vya kupita na kukwama viundwe na kuwekwa mahali ambapo fundi yeyote anaweza kuvitumia, pamoja na kifaa cha kupimia ugumu wa chuma. Fundi mmoja hawezi kuvinunua, bali mafundi mia wanaweza kuvitumia kwa zamu.

Tatu ni jukumu letu walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka wa 1985 ukiwa na masomo mengi ya mikono, kisha mengi yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi umeyarudisha kwa sura mpya, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 mwaka wa 2026, ambapo sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ni mojawapo ya njia tatu za kuchagua. Tusirudie kosa la kudhani kuwa karakana ni mahali pa nyundo tu. Mwanafunzi ajifunze kupima kitu kimoja mara kumi na kueleza kwa nini majibu yanatofautiana. Ajifunze kuusoma mchoro kama anavyoisoma insha.

Na wanaisimu tusikae kando. Kiswahili kina tupa, tindo, patasi, jiriwa, keekee, bisibisi, timazi na pimamaji. Karakana imekwisha kutupa beringi, puli, nati na spana. Lakini kwa kile kiasi ambacho kipuri kinaruhusiwa kuzidi au kupungua, bado hatuna neno lililokubaliwa na wote. Mimi ningependekeza "uvumilivu wa kipimo", na mwenye neno bora na alilete. Muhimu ni kwamba fundi, mwalimu na mwanafunzi wawe na neno moja, na nyuma ya neno hilo pawe na namba.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mafundi wetu wana mali tele, nasi tumewaacha bila daftari. Kila mwaka baadhi yao hustaafu au hufariki, na yote waliyoyajua kuhusu mhimili, joto la chuma na ile "kidogo" yao huenda nao. Jiji linalotaka kuitwa jiji la viwanda lianze kwa kuyaandika hayo, wakati wenyewe wangali hai na wanaweza kuulizwa.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu, Eldoret.